Mkutano wa video unagoma? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu fayawali na ruta

Maswali haya yanatoka maofisini, vyuoni na majumbani hapa Dodoma: Mtumba, Area D, Kisasa, Nzuguni, mpaka Chamwino na Kongwa. Tangu shughuli za Serikali zihamie huku, mji huu unaishi kwa mikutano ya video. Wajumbe wengine wapo Dar es Salaam, wengine mikoani, mwenyekiti anafungua kikao, picha inaganda. Lawama ya kwanza inaangukia "mtandao". Mtu anaongeza bando au analipia spidi kubwa zaidi, na tatizo linabaki palepale, kwa sababu mara nyingi spidi haikuwa na kosa. Data za kuanzisha simu zilikuwa zinapita, za sauti na picha zinazuiwa njiani, kwa mfano na fayawali, yaani kinga inayochagua data zipi zipite na zipi zizuiwe. Kwa hiyo, jua kwanza zinazuiwa wapi, ndipo uguse mpangilio.

Nianzie wapi? Nitajuaje kama kosa ni la ruta yetu, la fayawali au la mtoa huduma?

Chukua laptopu ileile na akaunti ileile, itoe kwenye waifai ya ofisi, iunganishe na hotspoti ya simu yako, kisha ingia tena kwenye mkutano uleule. Ukisikia na kuona vizuri, laptopu ni nzima na huduma ya mkutano ni nzima. Kosa lipo kati ya laptopu na pale intaneti inapoingilia ofisini kwenu. Ikigoma hata kwenye hotspoti, achana na ruta, kagua laptopu yenyewe.

Baada ya hapo chomeka waya wa mtandao moja kwa moja kwenye ruta. Kama kwa waya inakubali na kwa waifai inagoma, fayawali haihusiki. Sogeza ruta, au hamia masafa ya 5 GHz. Tumekuta ruta nyingi zimewekwa juu ya friji au nyuma ya kabati la chuma la mafaili, halafu watu wa chumba cha tatu wanalalamika.

Kisha angalia tatizo linatokea wakati gani, maana wakati unasema mengi. Kama programu haiunganishi kabisa, shuku saa ya kompyuta, DNS (inayogeuza majina ya huduma kuwa anwani), proksi (seva ya katikati inayopitisha maombi ya tovuti), au fayawali iliyofunga jina la huduma hiyo. Kama inaunganisha lakini hakuna sauti wala picha, shuku UDP, ile njia inayobeba sauti na picha, tutakayoieleza hapa chini. Kama kila simu inakatika baada ya muda uleule, kuna kifaa kinachohesabu muda. Na kama inagandaganda ovyo bila mpangilio, hapo ndipo uanze kufikiria waifai na msongamano.

Tunaingia, majina yanaonekana, tunachati vizuri, lakini hatusikiani wala kuonana. Kwa nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Mkutano wa video unatumia njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kuingia, kuonyesha majina na kubeba ujumbe wa kuchati. Hii hupita TCP, utumaji unaohakikisha kila kipande cha data kimefika, kwenye poti (mlango wenye namba) 443, ileile inayotumiwa na tovuti zote salama, na karibu kila fayawali huiacha wazi. Njia ya pili ni ya sauti na picha. Hii hupendelea UDP, kwa sababu UDP haisubiri pakiti (kipande cha data) iliyopotea irudiwe, na katika mazungumzo neno lililochelewa sekunde mbili halina kazi tena. Fayawali nyingi za ofisi zimefungwa kwa utaratibu wa "ruhusu 80 na 443, zuia mengine yote". Kwa utaratibu huo unaingia mkutanoni bila shida, halafu unakaa kimya.

Poti za kufungua, kwa upande wa kutoka tu, ni hizi. Zoom inatumia UDP 3478, 3479 na 8801 hadi 8810, pamoja na TCP 443, 8801 na 8802. Microsoft Teams inatumia UDP 3478 hadi 3481, na TCP 443 na 80. Google Meet inatumia UDP 3478 na 19305 hadi 19309, pamoja na 443. Sisitiza hilo la kutoka. Kwa programu hizi hakuna haja ya kufungua poti hata moja ya kuingia ndani ya ofisi, na fundi anayekwambia ni lazima akueleze kwanza ni kwa nini.

Wakati mwingine programu ikikosa UDP hujaribu kupitisha sauti na picha kwenye TCP 443. Utasikia, lakini kila pakiti inayopotea inasubiriwa irudi, kwa hiyo sauti inachelewa, inakimbia, inachelewa tena. Mtu anasema mtandao ni mbovu kumbe mtandao ni mzima, njia tu ndiyo siyo. Ukiingia kwenye takwimu za mkutano ndani ya mipangilio ya Zoom, utaona ucheleweshaji na asilimia ya pakiti zinazopotea. Zitazame kabla hujafungua poti na baada ya kuzifungua, utajua kama umefanya kazi au umebahatisha.

Na kama ofisi inatoka kupitia proksi ya kawaida ya tovuti, elewa kwamba proksi hiyo haibebi UDP. Huduma za mikutano zinatakiwa zipite pembeni yake.

Nizime fayawali yote nijaribu?

Hapana. Hotspoti inakupa jibu lilelile bila kuiacha ofisi nzima wazi.

Programu nyingine zote zinafanya kazi kwenye kompyuta yangu, hii moja tu ndiyo haipiti. Wenzangu hawana shida.

Siku ya kwanza ulipoifungua, Windows ilikuuliza kama iruhusu programu hiyo kupita kwenye fayawali yake. Ukibonyeza kukataa, au ukafunga tu kile kidirisha ili uwahi kikao, Windows huandika sheria ya kuizuia, na haiulizi tena. Nenda kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa katika Windows Defender Firewall, itafute, weka tiki. Kama kompyuta ina antivairasi yenye fayawali yake, kagua na huko.

Mimi namsikia, yeye hanisikii. Maikrofoni ni nzima.

Kama unatumia Zoom, Meet au Teams, hakikisha tena programu imechagua maikrofoni ipi, hasa kama umechomeka hedifoni au kamera yenye maikrofoni yake. Nusu ya kesi hizi huishia hapo.

Kama unatumia simu ya IP ya mezani au kifaa cha video cha ukumbini, basi shuku NAT, yaani kazi ya ruta ya kubadilisha anwani. Kompyuta na vifaa vya ofisini vina anwani za ndani, zile zinazoanza na 192.168, 10, au 172.16 hadi 172.31. Anwani hizo hazina maana nje ya jengo. Ruta inapotuma data yako nje huibadilisha anwani ikaweka yake, na inafanya kazi kama mlinzi wa getini mwenye daftari: anayetoka anaandikwa, na anayekuja anaruhusiwa tu kama ni jibu la aliyetoka.

Sasa, itifaki za SIP na H.323, ambazo vifaa hivyo hutumia kuanzisha simu, zina tabia moja: huandika anwani ndani ya ujumbe wenyewe, kwamba "sauti nitumie hapa". Kifaa chako kikiandika 192.168.1.20, mwenzako aliye Mwanza anaelekeza sauti kwenye anwani isiyofikika, nawe humsikii; kifaa chake kikiandika hivyo, yeye ndiye asiyekusikia. Programu za kisasa zinakwepa tatizo hili kwa STUN, ambayo humwambia mtumiaji anwani yake inavyoonekana kutoka nje, na TURN, ambayo hupokea data na kuipeleka kwa niaba yake pale njia ya moja kwa moja inaposhindikana. Kwenye kifaa cha zamani, tafuta sehemu ya NAT katika mipangilio yake, uandike humo anwani ya nje ya ofisi kilipo.

SIP ALG ni kitu gani, na kwa nini kila fundi anasema nizime?

Ni kipengele cha ruta kinachosoma ujumbe wa SIP na kujaribu kurekebisha zile anwani za ndani. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba katika ruta nyingi za bei nafuu kinarekebisha nusu, au kinarekebisha ujumbe ambao kifaa kilishaurekebisha chenyewe, na simu inaharibika. Kizime, washa upya ruta, jaribu. Kwenye ruta za MikroTik kipo katika orodha ya "service ports" chini ya fayawali, na jirani yake yupo mwenzake wa H.323. Ruta nyingine huificha chini ya NAT au usalama. Kwa Zoom na Meet hakileti tofauti, kwa sababu hazitegemei SIP ya kawaida kwa mtumiaji wa kompyuta.

Simu inakatika kila mara muda uleule. Tumechoka.

Tazama saa, muda huo ndio ushahidi wenyewe.

Ikikatika kwenye sekunde 32 hivi, hiyo ni SIP. Kifaa kilichopokea simu kinasubiri uthibitisho wa mwisho kutoka kwa mpigaji. SIP inatoa sekunde 32, usipofika kinakata. Uthibitisho ulipelekwa anwani isiyo sahihi, kwa hiyo rudi kwenye NAT na SIP ALG.

Ikikatika dakika ya 15 au ya 30, mara nyingi ni kipimamuda cha kikao cha SIP. Kila baada ya muda fulani pande mbili zinatakiwa kuhakikishiana kwamba simu bado ipo. Ujumbe huo unafika fayawali imeshasahau simu hiyo, unatupwa, simu inakufa. Ongeza muda wa kusahau wa UDP kwenye fayawali, au washa ujumbe wa kuamsha njia kwenye kifaa. Ruta nyingi huisahau njia ya UDP iliyokaa kimya nusu dakika tu.

Ikikatika baada ya saa moja kamili kwenye kifaa cha H.323, ni TCP. Simu ikishaunganishwa, njia ya TCP ya kuiongoza inakaa kimya wakati sauti na picha zinaendelea kwenye UDP, na fayawali inaihesabu kuwa imeachwa. Fayawali za Cisco ASA, kwa mfano, zinatoka kiwandani na kikomo cha saa moja kwa njia ya TCP isiyotumika.

Ikikatika dakika ya 40 kwenye Zoom, umefikia kikomo cha akaunti ya bure. Usimsumbue fundi.

Tuna ruta ya mtoa huduma na ruta yetu nyuma yake. Ni tatizo?

Kwa mikutano ya kawaida ya kwenye kompyuta, si kubwa. Kwa kifaa cha ukumbini kinachopaswa kupigiwa simu kutoka nje, ni kubwa sana, kwa sababu anwani inabadilishwa mara mbili na poti ulizofungua kwenye ruta yako zinagonga ukuta wa ile ya kwanza. Omba ruta ya mtoa huduma iwekwe kuwa daraja tu, ili yako ndiyo ishike anwani ya nje.

Fungua pia ukurasa wa hali ya ruta uone anwani iliyopewa kwa upande wa intaneti. Ikianza na 10, 192.168, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi na mtoa huduma naye anafanya NAT, na wewe unagawana anwani moja ya nje na wateja wengine. Ni kawaida kwa intaneti ya laini za simu. Hapo hata ufungue poti mchana kutwa hakuna atakayeingia. Ama uombe anwani ya umma isiyobadilika, ambayo huwa inalipiwa, ama utumie huduma ambayo kifaa chako ndicho kinapiga kwenda nje.

Tukiwa wawili tunaongea vizuri. Akiingia wa tatu, sauti inapotea.

Dalili nzuri sana hii, na wachache wanaijua. Kwenye Teams, watu wawili wanaopigiana huweza kuunganishwa moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta. Akiingia wa tatu, simu inahamia kwenye seva za huduma. Kwa hiyo kama wawili mnaongea na watatu mnakwama, njia ya kwenda kwenye seva ndiyo iliyozuiwa: kagua UDP 3478 hadi 3481. Ikiwa kinyume chake, yaani wawili mnakwama na watatu mnaongea, basi NAT ya upande mmoja inakataa njia ya moja kwa moja.

Ukumbi wetu una kifaa cha video cha H.323. Kufungua poti gani?

TCP 1720 ya kuanzisha simu, halafu poti nyingine ambazo kifaa huzichagua chenyewe wakati simu inaendelea. Hapo ndipo ugumu ulipo. Usifungue maelfu ya poti kwa kubahatisha. Ingia kwenye kifaa ukiambie kitumie poti maalumu tu, halafu ufungue hizo. Vifaa vingi vya Polycom huanzia 3230. Kama kifaa na fayawali vinaunga mkono H.460.18 na H.460.19, tumia hizo, maana zilitungwa kwa ajili ya kupita kwenye NAT bila kufungua poti za kuingia.

Na tafadhali, ruhusu kupigiwa na anwani za wadau wenu tu. Kifaa kilichoachwa wazi kwa dunia nzima kitaanza kuita chenyewe saa nane usiku, skrini ikionyesha mpigaji "100" au "cisco". Ni programu zinazozunguka intaneti zikitafuta vifaa vilivyo wazi, ili wapige simu za kimataifa kwa gharama yako. Mlinzi wa usiku anadhani kikao kimeanza. Kukiweka kifaa kwenye DMZ ya ruta, yaani sehemu iliyoachwa wazi kwa intaneti, kama wengine wanavyoshauri, ni kuwakaribisha hao hao.

Asubuhi mkutano uko safi, kuanzia saa nne unagandaganda.

Saa nne wenzako wamefika. Angalia upande wa kupakia, si wa kupakua. Simu ya video ya watu wawili yenye ubora wa kati inahitaji kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na kurudi, na ubora wa juu unahitaji megabiti 1.2. Laini nyingi zina spidi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia. Mtu mmoja akianza kutuma picha za ziara ya kikazi, au simu za wafanyakazi zikianza kuhifadhi nakala mtandaoni, foleni inajaa ndani ya ruta na sauti yako inapanga mstari nyuma ya picha hizo.

Washa upangaji wa vipaumbele kwenye ruta, na weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya spidi yenu halisi, asilimia 85 hadi 90, ili foleni ikae kwenye ruta yako, unayoweza kuiongoza, isikae kwa mtoa huduma. Kama ruta haina uwezo huo, waombe watu kwa heshima, na uzime kamera pale usipozungumza. Sauti peke yake inahitaji chini ya kilobiti 100.

Umeme ulikatika jana, leo kompyuta inasema cheti si salama na haingii kabisa.

Tazama tarehe pembeni ya skrini. Betri ndogo ya ubao wa kompyuta, ile bapa ya CR2032, ikiisha, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na kuisha, kwa hiyo kompyuta inavikataa vyote. Rekebisha saa, weka ukanda wa Dar es Salaam, UTC+3, kisha badilisha betri. Kama saa ni sahihi na ujumbe huo unaonekana kwenye kompyuta zote za ofisi, fayawali yenu inafungua na kusoma data zilizofichwa. Mwombe msimamizi aziondoe huduma za mikutano kwenye ukaguzi huo.

Kituo chetu kipo mbali, tunatumia dishi la setilaiti. Tunaingiliana kuongea.

Setilaiti za kawaida za aina hiyo zipo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Kwenda na kurudi kunachukua zaidi ya nusu sekunde hata kila kitu kikiwa sawa, na hakuna mpangilio wa ruta utakaofupisha safari hiyo. Wekeni utaratibu wa kunyoosha mkono, mwenyekiti aite jina, anayesikiliza azime maikrofoni.

Mei 2024 tulibadilisha mipangilio yote na bado mikutano iligoma. Tulikosea wapi?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani ikayumba kwa siku kadhaa. Kosa halikuwa kwenu. Ukiona hata hotspoti za mitandao miwili tofauti zinasumbua, na jamaa wa Arusha na Dar es Salaam wanalia vilevile, usiguse kitu. Na kama mlibadilisha mipangilio wakati ule, rudisheni ya zamani. Tumekutana na ofisi ambazo bado zinateseka na sheria zilizowekwa wiki hiyo.

Nikiwasha VPN mkutano unapita. Niendelee nayo?

VPN, yaani handaki linalopitisha data zako kwenye seva nyingine, inakuonyesha kwamba kuna kitu kimezuiwa, basi. Kwa matumizi ya kila siku inarefusha njia na kupunguza ukubwa wa pakiti, na kama ni VPN ya ofisi, sauti ya mtu aliye nyumbani Kisasa inakwenda kwanza Mtumba ndipo itoke nje. Msimamizi anaweza kuipanga ili mikutano ipite nje ya VPN. Kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao, kwa hiyo taasisi isiache jambo hilo kwa kila mfanyakazi kujiamulia.

Afisa TEHAMA anasema fayawali iko wazi, sisi tunaona imefungwa. Tumwandikie nini?

Usimwandikie "mtandao haufanyi kazi", maana hana pa kuanzia. Kama upo kwenye mtandao wa Serikali, yeye naye lazima aombe kibali kwa walio juu yake, na ombi lisilo na maelezo linarudi. Mwandikie hivi: "Ndugu Afisa, leo saa 4:10 asubuhi, kompyuta yenye anwani 10.20.5.31, kwa waya, iliingia Teams, majina yalionekana, sauti haikupita. Kompyuta hiyohiyo kwenye hotspoti saa 4:20 ilipata sauti na picha. Tunaomba uangalie kumbukumbu za fayawali kwa dakika hizo, na kuruhusu kutoka UDP 3478 hadi 3481 kwa kompyuta za ukumbi." Atafungua kumbukumbu za saa 4:10, ataona pakiti zilizotupwa na sheria iliyozitupa.